Mahali pa Kurejeshwa

Alama za chaki zilionekana Jumatatu. Luhaga aliziona kabla ya wenzake, kwa kuwa yeye huamka wa kwanza na hapiti kitu bila kukitazama mara mbili. Kwenye nguzo ya pili ya baraza wanapolala, upande unaotazama mto Mirongo jijini Mwanza, mtu alikuwa ameandika kwa chaki nyeupe namba saba. Kwenye nguzo ya duka la jirani, wanakolala waosha magari wanne, aliandika nne. Chini ya ngazi za ghorofa ambalo ujenzi wake ulisimama zamani, tatu.

Luhaga aligeuka akahesabu waliolala nyuma yake. Walikuwa sita. Pamoja na yeye, saba.

Kwa hiyo kuna mtu alipita, akasimama karibu na miguu yao, akahesabu vichwa, akaandika jumla, akaenda zake. Hakuna aliyemsikia. Jambo hilo lilimkaa Luhaga vibaya kuliko hata ile chaki.

"Wameshatupiga X," alisema Chenge alipoamka. Chenge alikuwa mpiga debe wa stendi, mtu wa maneno mengi hata kabla ya kunawa uso.

"Hiyo si X. Ni saba."

"Wanaanza na saba, karani, wanamalizia na X. Nyumba ya shangazi yangu ilianza hivyo hivyo. Leo namba, kesho vipimo, keshokutwa katapila."

"Sisi hatuna nyumba ya kubomolewa."

"Ndiyo ujiulize sasa," alisema Chenge, akikunja boksi lake. "Wanataka kubomoa nini?"

Luhaga alitoa daftari lake kwenye mfuko wa rambo, akaandika tarehe, na chini yake: *Chaki. Saba, nne, tatu. Haijulikani nani.*

Alikuwa na miaka hamsini na miwili, amesoma mpaka kidato cha nne, na kwa miaka kumi na tisa alikuwa karani wa mizani kwenye mwalo mmoja wa kushushia sangara kutoka ziwani. Pale mizanini walikuwa na desturi yao. Karani anasoma mshale kwa sauti, mwenye samaki anarudia namba aliyoisikia, na hapo ndipo kalamu inagusa karatasi. Namba isiyorudiwa haiandikwi. Ikitokea karani amekosea, hafuti. Anakata mstari mmoja tu, anaandika iliyo sahihi juu yake, ili mwenye shaka aone palikuwa na nini. "Karani hafuti, anakata," ndivyo alivyofundishwa, na ndivyo alivyowafundisha wengine mpaka siku alipoletwa karani mpya aliyekuwa akiandika kwanza na kusoma baadaye. Luhaga alilalamika. Wiki iliyofuata akaambiwa apumzike.

Chumba alichopanga Mabatini, juu kwenye mawe, kilichukuliwa na mvua ukuta mzima. Mkewe alikuwa ameshatangulia. Binti yake ameolewa Kahama, na kila wanapozungumza kwenye simu Luhaga humwambia kwamba anakaa kwa rafiki. Ilikuwa inaelekea mwaka wa nne sasa.

Daftari lilitokana na msiba. Barazani pale aliwahi kulala mtu aliyeitwa Fundi Saa, na jina jingine hakuna aliyelijua. Alipofariki alizikwa na halmashauri ya mji. Miezi miwili baadaye akaja mdogo wake kutoka Bariadi, ana picha mkononi, anauliza kaburi. Luhaga alizunguka naye makaburini tangu asubuhi hadi jua likaelekea kuzama, na hawakupata wa kuwaonyesha. Mwishowe yule bwana aliinama mahali fulani, akachota udongo, akaufunga kwenye leso, akasema nitawaambia wazee ni huu.

Luhaga alinunua kaunta buku lenye jalada jeusi. Kila anayelala barazani akapewa ukurasa wake: jina, jina la baba, akifariki azikwe kijiji gani, na nani apigiwe simu. Alisoma kwa sauti ya chini, mwenyewe akarudia, ndipo akaandika. Na aliwaahidi kwamba ukurasa wa mtu hautafunguliwa mpaka mwenyewe awe amefariki. Tangu wakati huo wawili walikuwa wamesafirishwa makwao kwa sababu ya daftari lile, wakazikwa na watu wao.

Atieno ndiye aliyechelewa kuandikwa kuliko wote. Alikuwa mjane wa miaka arobaini na kitu, mwembamba, mchekeshaji akitaka, anayepembua dagaa mwaloni Kirumba. Alilala barazani miezi minane kabla ya kukubali kuandikwa. Siku alipokubali alimsogeza Luhaga mbali na wenzake, akataja kijiji upande wa Shirati, akataja namba ya dada yake, akasisitiza kwamba upande wa mume asipigiwe mtu hata mmoja. Mumewe alipofariki, shemeji yake alitaka kumrithi. Alipokataa alipigwa, akafungiwa ndani siku tatu, akatorokea dirishani na nguo za mwilini.

"Sasa kwa nini unataka upelekwe huko huko?" Luhaga alimuuliza.

"Wanangu wawili wamezikwa pale, karani. Nikifa nipelekeni. Maiti hairithiwi." Akacheka kidogo. "Lakini nikiwa hai, hata kwa gari la bure sitaki."

*

Siku ya Jumanne walikuja watu wawili. Mwanamume wa miaka thelathini na tano hivi, viatu vimepigwa rangi, akajitambulisha kwa jina la Pius, msimamizi wa mradi wa utambuzi wa watu wasio na makazi. Nyuma yake alisimama binti aliyeitwa Gladness, mwandikaji, ameshika ubao wenye karatasi kama ameshika sahani ya moto.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Tumeambiwa wewe ndiye karani wa hapa. Una orodha."

"Nani amekwambia?"

"Mji mdogo huu, mzee."

Mwanza si mji mdogo. Luhaga alimtazama, kisha akatazama upande wa pili wa barabara, ambako Ngosha alikuwa amechuchumaa kwenye genge la Rebeka, muuza chai, anasimulia kitu kwa mikono miwili. Ngosha alikuwa mzee wa barazani, mbeba mizigo aliyeshindwa na mgongo, asiyeweza kukaa na habari tumboni kuanzia asubuhi hadi mchana. Luhaga aliweka shaka yake hapo, akaiacha ikae.

"Hiyo chaki ni yenu?"

"Ni yetu."

"Mlituhesabu tumelala."

"Mzee, mchana mnatawanyika. Anayelala hapa tutamjuaje?" Pius alitabasamu. "Hakuna la kuogopa. Ni utambuzi tu. Ukitupa hilo daftari tutaokoa siku tatu za kazi."

"Wakati wa sensa walikuja. Waliuliza umri, waliuliza kazi, wakaenda. Hawakuuliza daftari."

"Hii si sensa."

"Ndiyo nasikia."

Pius alichukua ubao kwa Gladness ili amwonyeshe kwamba maswali ni ya kawaida. Aliushika ukiwa umemwelekea yeye mwenyewe, na kidole gumba chake kilitulia sehemu ya chini ya karatasi. Hakujua anaongea na nani. Miaka kumi na tisa Luhaga alisimama upande wa pili wa meza za mawakala wa samaki, na maandishi yaliyopinduliwa aliyasoma kama wengine wanavyosoma yaliyonyooka. Jina. Umri. Kabila. Kijiji cha asili. Mwenyekiti wa kijiji. Ndugu wa karibu. Maradhi. Alifika namba kumi na tatu. Ya kumi na nne ilikuwa chini ya kidole.

Maswali yale yalikuwa karibu yale yale ya daftari lake, na hilo ndilo lililomtia wasiwasi zaidi. Yeye aliyauliza kwa sababu ya msiba. Hawa msiba wao ni upi?

"Daftari sitoi," alisema. "Ila watu hawa hawatazungumza na ninyi mkija wenyewe. Mimi nitakaa kama shahidi, kwa sharti moja. Mwandikaji asome kila neno kwa sauti kabla hajaandika, na mwenyewe arudie. Kila neno lililomo kwenye karatasi hiyo."

Pius alicheka. "Mzee, tutamaliza mwaka ujao."

"Basi andikeni chaki."

Mwishowe alikubali, akasema shahidi mwenyewe haandikwi, akampa Luhaga kizibao cha rangi ya machungwa chenye mistari ya kung'aa ili ajulikane. Luhaga alikikunja mara nne, akakiweka chini ya boksi lake, hakukivaa. Haikusaidia kitu.

"Karani wamekupa sare!" alisema Chenge jioni, na safari hii hakuwa akitania. "Bado bunduki."

"Nimekuwa shahidi. Wataandika mbele yangu."

"Na daftari?"

"Liko hapa."

"Leo liko hapa." Chenge aliwageukia wenzake. "Mimi namfahamu mtu aliyekuwa na daftari akaishia kuwa na cheo."

Ndugu wawili wa Sengerema, wauza mifuko, ambao kila jioni humkaribisha Luhaga kwenye kiporo chao, siku ile walikula wamemgeuzia migongo. Atieno alimtazama Luhaga, kisha ule mfuko wa rambo, kisha Luhaga tena.

*

Gladness alikuja peke yake Alhamisi alfajiri, kabla watu hawajatawanyika. Pius alikuwa na wengine upande wa stendi. Binti aliketi kwenye ndoo ya Rebeka iliyogeuzwa, akawasalimu wakubwa shikamoo mmoja mmoja, na Luhaga akaketi pembeni yake, daftari limefumbwa mapajani.

Wa kwanza alikuwa Ngosha. "Mwangaluka!" aliitikia kwa Kisukuma, akajipanga kama anayepigwa picha. Gladness alisoma, Ngosha akarudia, kalamu ikaandika. Jina, Ngosha. Umri, sitini na tatu. Kijiji, akakitaja, upande wa Ngudu. Mwenyekiti wa kijiji, hamjui, aliyemjua yeye alishafariki. Walifika namba kumi na tatu, Gladness akachomeka kalamu kwenye ubao.

"Asante baba. Mwingine."

"Bado moja," alisema Luhaga.

"Hiyo ya mwisho ni ya ofisi. Nimeambiwa wataijaza wenyewe kutoka kwenye ile ya kijiji."

"Tulikubaliana kila neno, binti yangu."

Gladness aliinua karatasi. Ilionekana wazi kwamba mpaka dakika ile hakuwa ameitilia maanani. Alisoma polepole: "Kumi na nne. Mahali pa kurejeshwa."

Ng'ambo ya barabara Rebeka, aliyekuwa akipepea jiko, aliacha.

"Ndiyo maana!" alipasuka Chenge. "Si niliwaambia? Utambuzi, utambuzi! Wanatupakia!"

"Kwa gari?" aliuliza Ngosha.

"Sijui baba, mimi sikuambiwa..."

"Bila nauli?"

"Nadhani."

"Basi niandike! Mwaka wa sita naitafuta safari hiyo. Mahali pa kurejeshwa, Ngudu. Soma nirudie."

"Wewe mzee umerogwa," alisema Chenge, akajitosa mbele. "Mimi niandike wa Mirongo. Nimezaliwa Mirongo, nimebatizwa Mirongo, nitakufa Mirongo."

Gladness alimtazama shahidi. Luhaga alijua ukurasa wa Chenge unasema kijiji cha Magu na mama aliye hai.

"Siwezi kusaini hivyo," alisema.

"Karani!"

"Nitasema sijui. Nitasema sikusikia. Lakini kuweka jina langu chini ya neno nisiloamini, hapana. Sikufanya hivyo kwa sangara, sitafanya kwa mtu."

"Basi mimi simo!" Chenge alibeba boksi na blanketi lake. "Nakwenda Busisi, kuna watu wangu kule. Mkipakiwa mnipungie mkono." Akavuka barabara bila kugeuka.

"Asiye na dodoso," alisema Gladness kwa sauti ya chini, kama anayetoboa siri, "tumeambiwa atachukuliwa kwa mahojiano. Watapiga simu mpaka wajue kwao. Naomba msikimbie."

Ndugu wawili wa Sengerema walitaja kwao bila kusita. Sengerema si mbali, walisema, watarudi kesho yake asubuhi. Mwanamke mgonjwa aliyelala kona ya mwisho ya baraza alitaja kwa kaka yake Igoma, akaonekana ametulia moyo. Ikafika zamu ya Atieno.

Hakukaa mbele ya Gladness. Alikaa mbele ya Luhaga.

"Fungua ukurasa wangu."

"Tulisema mpaka..."

"Mwenyewe ndiye nasema. Fungua."

Luhaga aliinuka, wakasogea hatua kadhaa. Alifungua. Atieno hakujua kusoma vizuri, lakini aliweka kidole pale pale kijiji kilipoandikwa.

"Hapa badilisha. Andika Mirongo."

"Mama Atieno, nimekataa kwa Chenge. Siwezi kukubali kwako kwa kuwa wewe..."

"Chenge alitaka udanganye. Mimi nakwambia ukweli mpya. Niulize lile swali lako."

Luhaga alitoa kalamu. "Ukifariki, uzikwe wapi?"

Atieno alitazama mto. Maji yalikuwa machache, yamebeba chupa na majani ya mahindi.

"Hapa. Makaburi ya hapa mjini. Ili mradi mjue pa kuonyesha kaburi langu, basi."

"Na watoto wako?"

"Watoto wangu watanisamehe. Yule shemeji hatasamehe."

Luhaga alikata mstari mmoja juu ya jina la kijiji, mmoja juu ya namba ya dada. Kisha, kwa sauti ya kusikiwa na watu wawili tu, alisoma: "Atieno. Nyumbani, Mirongo. Azikwe Mirongo." Atieno alirudia. Neno la mwisho alilirudia mara mbili. Luhaga akaandika juu ya ule mstari.

"Hiyo ya zamani futa kabisa," alisema Atieno.

"Karani hafuti, anakata."

"Lakini inasomeka?"

"Inasomeka kwangu tu. Ukurasa haufunguliwi."

Atieno hakuridhika, ila Gladness alikuwa akisubiri. Alirudi, akaketi, akajibu yote kumi na nne. Gladness alipofika la mwisho alisita, akamtazama Luhaga, akatazama daftari lililofumbwa. Kisha akasoma: "Mahali pa kurejeshwa, Mirongo." Atieno akarudia. Luhaga akasaini jina lake lote, kwa mwandiko ule ule wa mwaloni.

*

Gari lilikuja Jumamosi ya wiki iliyofuata, saa mbili asubuhi. Ilikuwa Coaster nyeupe isiyo na maandishi. Luhaga aliandika namba zake za usajili kabla haijazima injini. Ndani walikuwemo wanaume wawili waliokaa viti vya mbele, ambao hawakushuka wala hawakusalimia mtu.

Ngosha alikuwa ameshaoga. Alipanda wa kwanza, na kifurushi chake, na kofia ambayo hakuna aliyewahi kumwona nayo.

Pius alisoma orodha, Gladness akiwa pembeni yake. Ndugu wa Sengerema hawakuwepo, walikuwa wameondoka mapema mno siku hiyo. Pius hakujali sana. Alifika namba tano, akainua macho.

"Atieno. Mahali pa kurejeshwa, Mirongo." Akatazama nguzo, akatazama mto. "Hapa si ndiyo Mirongo?"

"Ndiyo," alisema Atieno. "Nimefika. Asante kwa kunirudisha."

Rebeka alicheka kwa nguvu. Pius hakucheka.

"Mama, Kiswahili chako ni cha Mara."

"Na chako cha wapi? Au chako hakiandikwi?"

"Mzee Luhaga." Sauti ya Pius ilikuwa laini zaidi kuliko mwanzo. "Wewe ndiye uliyesaini. Daftari lote sitaki tena. Nataka ukurasa mmoja, wa huyu mama. Ukiwa umeandikwa Mirongo, mimi nimemaliza. Ukikataa nitajua mlipanga, na mama atapanda akajieleze huko mbele."

Mmoja wa wale wanaume wawili alifungua mlango, akaweka mguu mmoja chini.

Luhaga alitazama Atieno, na Atieno akatikisa kichwa kukubali. Hapo ndipo alipokumbuka. Mstari mmoja. Kijiji cha Shirati kilikuwa pale pale chini ya mstari wake mzuri ulionyooka, kila herufi inasomeka, na namba ya dada tarakimu zote kumi. Alikuwa amekata kama karani bora, ili mwenye shaka aone palikuwa na nini. Na mwenye shaka ndiye huyu amesimama mbele yake, ana gari.

Aliketi kwenye ndoo, akatoa daftari polepole, akautafuta ukurasa. Kalamu ilikuwa mfukoni mwa shati. Pius alikuwa hatua mbili.

"Kijana!" Ngosha aliita kutoka ndani ya gari. "Msimamizi! Hapa dirishani panafunguka vipi? Mimi nikipanda gari lililofungwa natapika, nakwambia mapema, na hawa wazee wa mbele wana suti."

Pius aligeuka. "Sukuma kioo, mzee."

"Nasukuma, hakisogei! Njoo unionyeshe, mimi mtu wa baiskeli."

Pius alimwendea kwa hasira. Luhaga akainamisha kichwa. Kalamu ilikwenda na kurudi, ikaenda na kurudi, ikazama mpaka karatasi ikachanika kidogo katikati. Hakuwahi kufanya hivyo tangu aanze kushika kalamu ya kazi.

Pius aliporudi alipewa daftari likiwa wazi ukurasa mmoja, kipande cha boksi kimefunika ukurasa wa pili. Alisoma: Atieno. Nyumbani, Mirongo. Azikwe Mirongo. Kisha akapitisha kidole gumba juu ya doa jeusi lililokuwa chini yake, na kidole kikatoka na wino.

"Wino mbichi."

"Ndiyo."

"Hapa palikuwa na nini?"

"Kosa langu."

"Na umelifuta leo?"

"Nimelifuta leo."

"Kwa nini leo?"

"Kwa sababu leo ndiyo nimeliona."

Walitazamana. Luhaga hakuwa amesema uongo hata mmoja, na hilo halikumpunguzia jasho.

"Gladness," alisema Pius bila kugeuza macho. "Wewe ndiye uliyeandika. Alisemaje?"

Binti yule alikuwa ameona mengi asubuhi ile ya Alhamisi. Aliwaona wakisogea pembeni, aliona kalamu ikikata, huenda alisikia na nusu ya maneno. Alibana ubao kifuani.

"Alisema Mirongo. Nikasoma, akarudia, nikaandika."

Dereva alipiga honi. Pius alirudisha daftari. Lakini kabla ya kupanda aliandika kitu kwenye orodha yake, mbele ya namba tano, maneno mawili au matatu, karatasi ikiwa imeegemea kifua chake. Hakusoma kwa sauti. Luhaga alijaribu kuona, akashindwa. Coaster iliondoka na mwanamke mgonjwa, na watu wanne wa upande wa stendi, na Ngosha ambaye alikuwa amefungua dirisha mwenyewe na anapunga kofia.

*

Siku tatu Luhaga hakulala vizuri. Alimhamisha Atieno akalala katikati, yeye na ndugu wa Sengerema wakawa pembeni. Kila gari jeupe lililopunguza mwendo aliliandika. Kwenye ukurasa wa Ngosha aliongeza neno moja, *Amepanda*, na hakuongeza jingine, kwa kuwa kupanda alikuona na kufika hakukuona.

Na jambo jingine lilimtafuna, ambalo hakumwambia mtu. Ngosha ndiye aliyesambaza habari za daftari, alikuwa na hakika. Sasa yuko peke yake ndani ya gari na wale watu wawili, safari nzima mpaka Ngudu. Ngosha, asiyeweza kukaa na habari tumboni.

Siku ya nne Rebeka alivuka barabara ameinua simu yake juu. "Karani! Mzee wenu huyu, ananimalizia chaji kwa kelele!"

"Karani, nimefika!" Sauti ya Ngosha ilisikika mpaka kwenye nguzo. "Wamenishusha hadi kwa kaka yangu. Wamechinja kuku! Mwembamba, lakini kuku."

"Tumshukuru Mungu. Safari ilikuwaje?"

"Safari ndefu kwa maswali. Yule mwenye suti ya kahawia alihamia kiti changu. Ananiuliza, mzee, yule mama Mjaluo kwao hasa ni wapi? Nikamwambia Mirongo. Tukafika Usagara, ananiuliza tena. Nikamwambia, kijana, mimi nilipofika Mirongo yule mama nilimkuta, nadhani mto wenyewe ulimkuta. Mara ya tatu nikajifanya nimelala, nikakoroma mpaka dereva akalalamika."

Luhaga alimtafuta Atieno kwa macho.

"Karani, upo?"

"Nipo."

"Mwambie Atieno asilale karibu na watu asiowajua. Anaongea usingizini. Kwao na jina la shemeji yake mimi nayajua tangu mwaka juzi. Sijawahi kumwambia mtu, nakwambia wewe leo. Nisalimie Rebeka, mwambie chai ya huku ina maziwa."

Simu ikakatika. Luhaga alimrudishia Rebeka, akaketi, akafungua ukurasa wa Ngosha. Baada ya *Amepanda* palikuwa na nafasi ya kutosha.

"Amefika," alisoma kwa sauti. Akasita, kalamu hewani, kwa kuwa mwenyewe hakuwepo wa kurudia.

"Amefika," alirudia Atieno kwa niaba yake.

Akaandika.

Kesho yake aliamka wa kwanza kama kawaida. Kwenye nguzo ya pili, ile saba ilikuwa imekatwa mstari mmoja ulionyooka, inasomeka vizuri kabisa, na juu yake, kwa chaki mpya, mtu alikuwa ameandika nne. Luhaga aligeuka akahesabu. Ngosha alikwenda kwao, mwanamke mgonjwa Igoma, Chenge Busisi. Waliobaki walikuwa wanne, na yeye akiwemo. Hesabu ilikuwa sahihi.

Alikuwa bado ameikodolea macho Atieno alipoamka, akaja akasimama pembeni yake. Alitazama namba, akatazama barabara juu na chini. Kisha akalowesha kanga yake kwenye ndoo ya Rebeka, akaanza kufuta, nne na saba na mstari wake, akisugua mpaka saruji ikabaki tupu na nyeusi kwa maji. Karani hakumzuia.